Mshona Kofia na Utumbo wa Fulana

Ukimkuta Bi Kijakazi Uweso katikati ya kiua, keti kitako usubiri. Viua ni yale matundu madogo ya kofia ya mkono, yanayozungushiwa uzi mpaka yakafanana na maua, na kofia moja ina viua vingi kuliko subira ya binadamu wa kawaida. Bi Kijakazi hainuki mpaka kiua alichokianza kiishe. Nimemwona akimwacha mjumbe wa mtaa amesimama mlangoni, viatu mkononi. Mimi mwenyewe, Yasini, ninayemuuzia uzi na sindano miaka yote hii, na ambaye duka langu linatazamana na mlango wake hapa Ngamiani, Tanga, niliwahi kumpelekea habari ya msiba akaniashiria kwa kidevu nikae kwanza. Nilikasirika. Baadaye nikaona kwamba maiti hana haraka, na kiua kilichoachwa nusu hufumuka.

Nayasema haya mapema kwa sababu watu wakisikia habari zake siku hizi hudhani ni bibi mpole aliyependwa na madaktari. Si mpole. Na mimi si mpole, ndiyo maana ujirani wetu umedumu.

Mjukuu wake, Sabra, alizaliwa bila njia ya haja kubwa. Naitamka hivyo hivyo bila kuizungusha, maana kuizungusha ndiko kunakowachelewesha watoto. Mkunga alitaka kumpima joto kichanga, akatafuta pa kupimia asipaone. Rahimu, baba wa mtoto, mwana wa pekee wa Bi Kijakazi, akaja dukani kwangu akaniuliza kama nimewahi kusikia jambo kama hilo. Sikuwa nimesikia. Wapo waliosema kwamba mkewe, Khadija, alikaa kizingitini akiwa na mimba, akamzibia mtoto njia. Bi Kijakazi alimsikia mmoja wao, akamuuliza, "Na mama yako wewe alikaa wapi?"

Hospitali walimfungua mtoto tundu tumboni, upande wa kushoto, choo kikawa kinatokea hapo. Akapona, akanyonya, akanenepa. Lakini hiyo ilikuwa hatua ya kwanza tu. Hatua ya pili ni kumtengenezea njia pale inapostahili kuwa, na ya tatu ni kuliziba lile tundu la tumboni. Ya pili ndiyo ngumu. Daktari aliyemfungua tumbo alisema waziwazi kwamba yeye hakufundishwa, na kwamba wanaoijua wako Dar es Salaam, watoto wa kila mkoa wanawasubiri. Basi nao wakasubiri. Sabra akatambaa, akasimama, akaota meno, bado wanasubiri.

Vifuko vya kubandika tumboni vilipatikana kwa shida, kwa hiyo Bi Kijakazi alichana kanga zake kuukuu akashona vitambaa vya kumfunga mtoto kiunoni, safu juu ya safu, vinafuliwa na kuanikwa kila siku. Lile tundu lilikuwa jekundu na lenye mikunjo, naye akaliita kiua, ili mtoto asilionee haya. Sabra akazoea. Alikuwa akiwaonyesha wageni kiua chake kabla hata hawajaulizwa habari za nyumbani.

Nyumba zetu hizi za Kiswahili choo kiko uani, na ua wao una wapangaji wenye watoto. Kila aliyekulia pwani anakijua kilio cha mtoto aliyemaliza haja, anayeita kutoka chooni kwa sauti ya kusikika mtaa wa tatu: nimemaliza, njoo unitawaze. Mama huacha alichoshika akaenda na kata ya maji kumsafisha. Ni jambo dogo hata halina jina. Siku moja Sabra, akiwa na miaka mitatu, aliwasikia wenzake wakiita hivyo, akamgeukia bibi yake akamuuliza, "Bibi, mimi nitatawazwa lini?"

Bi Kijakazi alivuka njia akaja dukani kwangu. Hakununua kitu. Aliniambia lile swali, kisha akasema, "Limenichoma, Yasini. Limenichoma hapa." Akarudi kwake. Sijapata kumwona vile, wala kabla ya hapo sikujua kwamba naweza kulia mbele ya wateja.

Wakati huo alikuwa amekwisha kumjua Daktari Devota. Daktari huyu ni mtu wa huku huku. Baba yake alikata mkonge upande wa Kigombe, naye alizaliwa kambini, Mkatoliki, mwembamba, anayezungumza taratibu kama anayepima chumvi. Alikuwa daktari wa upasuaji wa kawaida aliyeamua kujifunza wa watoto, na mwalimu wake, Daktari Zebedayo, alikuwa akija kutoka Dar mara kwa mara kupasua pamoja naye na kuwafundisha madaktari vijana. Shida yao ilikuwa moja: utajifunzia nini? Huwezi kumchukua mtoto wa mtu ukasema leo najaribu. Walikuwa wakitumia utumbo wa mbuzi kutoka machinjioni, unanuka, unaoza, na zaidi ya yote mbuzi ana njia yake tayari, wala hatafutiwi.

Walijuana siku ya kliniki: Bi Kijakazi alikuwa kwenye benchi, Sabra miguuni pake, kofia mkononi. Devota akapita, akasimama, akaangalia. Kiua kilipoisha akamsalimu, shikamoo bibi, akaiomba kofia, akaigeuza ndani nje. Mtu asiyejua kofia huitazama nje. Anayejua sindano huigeuza.

"Bibi, ukipewa mchoro, unaweza kunishonea kiwiliwili cha mtoto? Si chote. Kuanzia kiunoni mpaka mapajani."

"Nikushonee matako?"

"Ndiyo, bibi. Matako yasiyo na njia."

Bi Kijakazi alikwenda kwanza kumuuliza maalimu wa msikiti wetu kama si kutengeneza sanamu. Maalimu akauliza kama ina kichwa. Haina. Ina uso? Haina. Akasema kitu kisicho na kichwa hakimsumbui mtu, ashone. Nami nikamuuzia nyuzi.

Devota alikuja akakaa naye mkekani akimchorea kwenye karatasi ya kaki: ngozi, chini yake mafuta, chini yake misuli inayobana kama mdomo wa mfuko wa kamba, na katikati utumbo uliopotea njia. Bi Kijakazi alishona ngozi kwa kitambaa laini cha rangi ya kahawa, misuli kwa kitambaa chekundu, mafuta kwa sufi. Utumbo akaushona kwa marekani iliyotiwa wanga, ile ile ya kofia, kwa sababu hicho ndicho kitambaa alichokiheshimu. Ilikuwa kazi nzuri. Mimi nilipewa kazi ya kuipeleka kwa baiskeli, na mfuko ukanipasukia sokoni Mgandini, matako madogo yakamwagika mbele ya wauza nyanya. Mwanamke mmoja akaniuliza nauzaje. Nilimjibu vibaya, na nikikumbuka leo sijutii.

Ikawa desturi. Vijana hospitali wanapasua na kushona vile vitambaa, kisha ninavirudisha Ngamiani, Bi Kijakazi anafumua nyuzi zao, anabadilisha palipochanika, navipeleka tena. Devota na Zebedayo walikuwa wakifanya utafiti juu ya jambo hilo: wawalinganishe waliojifunzia vitambaa na waliojifunza kwa kusimama na kutazama, waone nani mkono wake unatulia haraka. Mara moja tu Zebedayo alilalamika. Alisema bibi anashona vizuri mno, kila kimoja kama pacha wa mwenzake, na watoto hawaji hivyo. Mmoja utumbo wake uko juu, mwingine umekwenda kuungana na kibofu. Akaomba vingine viende upande. Bi Kijakazi alinuna juma zima. Kofia ambayo pande zake hazilingani ni aibu ya fundi, na hapa anaombwa aibu kwa makusudi. Mwishowe alishona, ila kila kilichokwenda upande alikitia fundo la uzi mweusi kwa ndani, ili Mungu na watu wajue kwamba kakosea kwa kuagizwa.

Sasa, kufumua nyuzi za mtu ni kumsoma. Bi Kijakazi alianza kuwajua wale madaktari bila kuwaona. Huyu ana haraka. Huyu mkono unatetemeka. Huyu anachoka akifika nusu. Yupo mmoja, Bryson, kijana wa Kishambaa, ambaye mishono yake ilimfurahisha sana: imekaribiana, imekazwa, imenyooka, huoni mwanya. "Huyu angezaliwa mwanamke pwani hii angekula kwa kofia," akaniambia. Na alikuwapo mwingine ambaye mishono yake ilimuudhi. Ilikuwa imeachana, uzi umeshika kitambaa kama mtu anayemshika mkono mgeni asiyempenda. Akanituma niulize mkono ule ni wa nani. Nikauliza. Ulikuwa wa Devota.

Alimpenda Devota, akaamua kwamba kazi ya daktari ni maneno na dawa, na mishono wengine watashona.

Kisha Rahimu akarudi kutoka kliniki na habari ambayo familia ilikuwa ikiiomba kwa Mungu tangu Sabra azaliwe: hakuna haja tena ya kungoja Dar. Zebedayo anakuja, na safari hii Sabra atafanyiwa hatua ya pili hapa hapa Tanga. Khadija akapiga kigelegele. Bi Kijakazi akauliza, "Nani atashika kisu?" Rahimu akasema atashika Daktari Devota, na Zebedayo atasimama kando yake.

"Basi haifanyiki," akasema Bi Kijakazi.

Rahimu alibishana, Khadija alilia, mimi niliingilia nikafukuzwa. Hakuna katika nyumba ile anayeweza kumvuka mama yule. Alisema kama Bryson atashona, sawa, mtoto apelekwe kesho. Kama ni Devota, watangoja Dar hata mtoto aote mvi. Nilimwambia kwamba Bryson bado mwanafunzi. Akasema na yeye anasoma nyuzi, hasomi vyeo. Nilimkasirikia kweli kweli, kwa sababu nilimwona Sabra anacheza na kopo la maji uani, na nilijua kwamba neno moja la ukaidi linaweza kumfungia yule mtoto mlango uliochelewa sana kufunguka. Ila zile nyuzi nilikuwa nimeziona mwenyewe.

Devota alikuja alasiri ya siku iliyofuata, kwa miguu, peke yake. Nilikuwa barazani kwa Bi Kijakazi nimepeleka uzi, nikakaa. Sikuombwa niondoke na sikujitolea.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

Hakuinua uso. Alikuwa katikati ya kiua. Devota akavua viatu, akaketi mkekani, akangoja mpaka kiua kikaisha.

"Umekuja kunibembeleza," akasema Bi Kijakazi.

"La. Nimekuja kuuliza kwa nini."

Bi Kijakazi akaingia ndani, akatoka na vitambaa viwili vilivyorudi kutoka hospitali, akaviweka mbele ya daktari, akachomoa utumbo wa kimoja na wa kingine. "Huu mkono wa Bryson. Huu wako. Mimi udaktari siujui, mwanangu, lakini sindano nimeishika tangu sijavunja ungo. Huyu amefunga kazi. Wewe umepitisha uzi tu. Nikupe mtoto wangu umpitishie uzi?"

Nilitazama chini. Devota alivichukua vyote viwili, akavitazama, kisha akasema, "Kaka Yasini, nipe uzi. Bibi, nipe kidole."

Akamzungushia Bi Kijakazi uzi kwenye ncha ya kidole cha shahada, akaukaza, akaufunga. Kisha akaanza kumuuliza habari za Kigombe, kwa maana Bi Kijakazi naye asili yake ni huko, nani amekufa, nani ameozesha, kama ule mkwaju wa karibu na kisima bado upo. Wakazungumza. Baada ya muda Bi Kijakazi akasema, "Daktari, kidole."

"Kinafanya nini?"

"Kinawaka."

Sote tukakitazama. Ncha ilikuwa imeiva kama zambarau. Devota akaukata uzi kwa mkasi wa Bi Kijakazi mwenyewe, akaanza kukisugua kile kidole taratibu mpaka rangi ikarudi.

"Utumbo una damu kama hiki," akasema. "Ukiukata ukaushona, huvimba, kama mguu ulioteguka. Uzi uliokazwa sana leo, kesho unakaba. Nyama iliyokabwa inakufa, mshono unaachia ndani, na uchafu unamwagikia tumboni. Bryson anashona ili kazi ipendeze leo. Mimi namshonea mtoto kesho kutwa yake."

Bi Kijakazi alikuwa bado ameshika kidole chake. Akauliza swali ambalo fundi humuuliza fundi. "Nani kakufundisha?"

Nilidhani atamtaja Zebedayo.

"Mtoto," akasema. "Zamani, nilikokuwa nafanya kazi kabla ya hapa. Nami nilikuwa navuta uzi, bibi, nilipenda upendeze. Mshono ukaachia. Ilibidi afunguliwe tena, na tena."

"Yuko wapi?"

"Yuko Mwera, Pangani. Anasoma darasa la pili. Nikipita kule ananikimbilia, anacheka. Mama yake hacheki." Akavipanga vile vitambaa mkekani, kimoja kando ya kingine. "Ndiyo maana nilikuomba unishonee. Kosa langu nililifanya juu ya mwana wa mtu. Bryson lake namtaka alifanye juu ya kitambaa."

Bi Kijakazi aliuchukua ule utumbo wa marekani alioushona Bryson, akaubonyeza, akauvuta huku na huku. Ulikaa wima, mgumu, mzuri.

"Kosa si la yule kijana peke yake," akasema polepole. "Anavuta, na kitambaa changu kinamsifu. Nimekitia wanga. Hiki hakikunjamani hata ukikaze vipi. Nimekuwa nikiwafundisha kushona kofia."

Kisha akanigeukia. "Yasini, una fulana kuukuu?"

Nikasema ninayo, nyumbani.

"Na hiyo uliyovaa?"

Ndivyo fulana yangu ilivyoingia katika elimu ya upasuaji. Aliikata kwa mshazari, akashona bomba jembamba, laini, linalonyooka na kurudi, lenye kukunjamana ukiuvuta uzi. Alijaribu na za mitumba nyingine, nzito na nyepesi, akafumua, akashona, akafumua. Alipopata inayofaa, akaipaka kwa ndani nta kidogo ya mshumaa ili maji yasipenye kitambaani, yapite penye mshono tu kama mshono ni mbaya. Hiyo nta lilikuwa wazo la Khadija, aliyekuwa amekaa pembeni akisikiliza siku zote hizo, na sipendi asahauliwe.

Ilipokuwa tayari, Bi Kijakazi akasema wote wawili waje kwake, Devota na Bryson, washone mbele ya macho yake. Wakaja. Bryson ni kijana mrefu mwenye adabu, akaamkia kila mtu barazani hata mimi, nikamsamehe nusu. Wakakaa mkekani na vyombo vyao, kila mmoja na bomba lake la fulana lililokatwa katikati. Bryson alishona kama kawaida yake, karibu karibu, akivuta. Fulana ikakunjamana penye mshono kama mdomo wa mtu aliyekula ukwaju. Akaona mwenyewe kabla hajamaliza. Bi Kijakazi akamimina maji kwa birika la chai kupitia juu, na maji yakabubujika katika kila mkunjo.

Wa Devota ulikuwa ule ule uliomuudhi, nyuzi zimeachana, umeshika bila kubana. Bi Kijakazi akamimina. Tukasubiri. Akamimina tena, akaliminya bomba kwa vidole kusukuma maji. Akapitisha kiganja chini ya mshono, akakitazama. Kilikuwa kikavu.

Bryson masikio yalimwiva. Devota akamsogezea bomba jingine, akamwambia, "Mimi mshono uliniachia kwenye mtoto. Wewe umekuachia kwenye fulana ya Kaka Yasini. Una bahati. Shona tena." Akashona tena. Aliendelea mpaka waumini wanatoka kuswali alasiri, wanasimama kutazama, wanauliza hii ni nini, naye anashona. La mwisho halikuvuja.

Bi Kijakazi akaondoa birika. Akamwita Sabra kutoka uani, akamkalisha mapajani mwa Devota, na Sabra, kama desturi yake, akainua gauni kumwonyesha kiua.

"Mchukue," akasema Bi Kijakazi. "Ila uzi wako usiukaze."

Siku ya upasuaji tulikaa nje, Rahimu, Khadija, Bi Kijakazi na mimi niliyefunga duka. Bi Kijakazi alikuja na kofia, lakini hakutoboa hata tundu moja. Mtoto alikaa ndani mpaka nikaanza kuwachukia watu wote waliopita wakicheka. Zebedayo ndiye aliyetoka kwanza, amevua kofia yake ya kitambaa, akasema yeye hakugusa kitu, alikuwa mtazamaji. Khadija akakaa chini sakafuni pale pale.

Baada ya hapo kukawa na miezi ambayo haina hadithi nzuri. Ile njia mpya ilitakiwa kupanuliwa kila siku nyumbani kwa kijiti laini cha chuma, isije ikajifunga, na Sabra alilia mpaka mtaa ukajua saa. Rahimu alikuwa akikimbilia nje. Khadija alijaribu akakiacha kijiti. Bi Kijakazi alifanya mwenyewe, akisema mchelea mwana kulia hulia yeye, na machozi yakimtoka huku anasema. Devota alipita kila alipopata nafasi. Kisha ikaja hatua ya tatu, wakaliziba lile tundu la tumboni. Utumbo wenyewe alishona Devota. Ngozi ya juu alishona Bryson, amekwisha kubadilika mkono.

Utafiti wao ukaendelea. Waliandika kila kitu, pamoja na kwamba ule utumbo wa kwanza wa marekani uliwafundisha vijana vibaya, na kwamba wa fulana uliwarekebisha. Zebedayo alisema hilo ndilo linalowafaa zaidi walio mikoa mingine, maana wao pia wana mafundi cherehani na marekani. Devota alikwenda kulieleza kwenye mkutano wa madaktari, akarudi na maombi ya vitambaa kutoka hospitali tatu. Bi Kijakazi sasa amewafundisha wanawake wawili wa mtaa huu, na yeyote anayeingia kwake huambiwa, kabla ya kukaribishwa kahawa, "Kosa langu mimi limeandikwa kwa Kiingereza." Anaringa nalo kuliko kofia zote alizowahi kushona.

Lakini yote hayo mimi nayaweka kando. Devota mwenyewe alituonya kwamba kushona ni nusu, kwamba wapo watoto ambao njia hutengenezwa vizuri na bado hawajui haja inapokuja, kwa sababu misuli ilizaliwa dhaifu, na kwamba tusubiri. Sabra akarudi kwenye nepi kama kichanga. Miezi ikapita. Watoto wa uani wakaendelea kuita kutoka chooni, mama zao wakaendelea kwenda, na Bi Kijakazi akiwasikia alikuwa akiinamia kofia yake zaidi.

Juzi, asubuhi, nilikuwa nimekaa naye barazani. Nilimpelekea uzi mweupe, nikamkuta katikati ya kiua, nikakaa kitako kama sheria inavyotaka. Kofia ilikuwa ya bwana harusi, ya watu, inatakiwa Ijumaa. Ndani ya nyumba, kutoka uani, sauti ndogo ikaita. Nilidhani ni mmoja wa wapangaji. Ikaita tena, imekasirika kidogo kwa kucheleweshwa.

"Bibi. Nimemaliza. Njoo unitawaze."

Bi Kijakazi aliniwekea kofia mapajani akainuka. Sikumwona anavyopita mlangoni. Nilibaki na kofia ya watu mkononi, kiua nusu, sindano inaning'inia kwenye uzi, na huko uani nikamsikia anachota maji kwa kata.